Mtungi Mwekundu Ukutani: Uhakiki wa Maandishi Ambayo Hatuyasomi

Uhakiki wa leo si wa kitabu wala filamu. Ni wa maandishi mafupi ambayo pengine umepita mbele yake mara elfu bila kuyasoma: yale yaliyobandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto. Hapa Tanga nimeyaona ukutani maabara, kwenye korido za gesti, vituo vya mafuta na chini ya kiti cha dereva wa basi la Pangani. Ukiyachukulia kama kazi ya uandishi, ni kazi nzito kweli. Msomaji wake ana sekunde chache, mikono inamtetemeka, na moshi umeshamwingia machoni. Swali langu ni moja: je, maandishi haya yanamsaidia?

Nilianza kujiuliza hivyo baada ya kisa cha Machi mwaka jana. Utafiti wangu unahusu singa za mkonge, zao lililofika pwani hii mwaka 1893 pale Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza. Nilikuwa kwenye karakana moja ndogo ya kamba na brashi, sitaitaja jina. Fundi alikuwa anakata chuma kwa grinda, cheche zikarukia lundo la singa kavu. Moto ulishika haraka. Mama mwenye karakana akavuta mtungi, akapuliza unga wote, ukungu mweupe ukajaa chumba, ndimi za moto zikafa. Tukapiga makofi. "Umeona mwanangu," akaniambia, "nilikwambia ule mtungi mzima, mshale uko kwenye kijani."

Kama dakika arobaini baadaye lundo likaanza tena kutoa moshi, kutoka ndani. Mtungi ulikuwa umekwisha. Tuliokolewa na ndoo za maji, reki, na vijana wa jirani waliolivuta lundo nje na kulifumua. Hakuna aliyeumia, lakini mashine moja na mzigo wa mwezi mzima vilikwenda na maji.

Jioni ile nilikaa chini na mtungi ule mtupu, nikausoma kutoka juu hadi chini. Na hapa ndipo uhakiki unapoanza.

Tuanze na herufi. Mtungi uliandikwa "ABC", na watu wengi huelewa "unazima kila kitu". Kwa mfumo wa Ulaya, A ni vitu vigumu kama mbao, karatasi, nguo na singa. B ni vimiminika vinavyowaka kama petroli. C ni gesi. D ni metali. F ni mafuta ya kupikia. Kwa mfumo wa Marekani, C ni umeme, na mafuta ya kupikia yamepewa herufi K. Mitungi yetu hutoka nchi mbalimbali. Kwa hiyo herufi moja inaweza kumaanisha gesi kwenye mtungi huu na umeme kwenye mtungi wa jirani yake, na msomaji haambiwi anatumia alfabeti ya nani. Picha ndogo pembeni ya herufi ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Itazame hiyo kwanza.

Halafu kuna namba, ambazo karibu hakuna anayezieleza. Kwa viwango vya Ulaya, "21A" maana yake mtungi ulizima, kwenye jaribio, tanuri la mbao lenye urefu wa mita 2.1. "113B" maana yake ulizima beseni lenye lita 113 za maji na mafuta, theluthi mbili yake zikiwa mafuta. Namba ikiwa kubwa, uwezo ni mkubwa. Hiki ni kipimo kizuri kuliko uzito, maana mitungi miwili ya kilo 6 inaweza kutofautiana uwezo. Ukienda dukani, usiulize kilo tu, uliza namba.

Sasa turudi kwenye singa. Je, maandishi yalidanganya? Hapana. Unga wa ABC kwa kawaida ni amonia fosfeti. Hukatiza mnyororo wa kikemikali unaoendesha mwali, na juu ya kitu kigumu huyeyuka na kutengeneza utando unaozuia oksijeni. Lakini unga haupoozi. Ndani ya lundo la singa, pamba au magodoro, kaa linaendelea kuwaka polepole pale unga usipofika. Maji ndiyo yanayopooza na kupenya. Kwa hiyo kwenye ghala la mkonge, mtungi wa maji wa lita 9 au mpira wa maji ulio karibu ni rafiki bora kuliko unga peke yake, mradi umeme umezimwa. Lebo inasema "A" na kunyamaza. Ingeongeza sentensi moja tu: "Baada ya kuzima, fumua na mwagia maji." Sentensi hiyo ingeokoa mashine ya yule mama.

Kosa la pili ni kunyamazia jikoni. Chukua mama ntilie anayekaanga samaki asubuhi. Mafuta ya kupikia huwaka yenyewe yakifika takriban nyuzi 350 za Selsiasi. Ukimwaga maji hapo, yanazama chini ya mafuta na kugeuka mvuke kwa ghafla. Lita 1 ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Ukipuliza unga kwa nguvu na kwa karibu, unaweza kuyatawanya, na kwa kuwa bado ni ya moto sana, huwaka tena. Mtungi uliotengenezwa kwa kazi hii hutumia chumvi za potasiamu ambazo hubadilisha uso wa mafuta kuwa kitu kama sabuni. Ndiyo, sabuni ileile. Mimi binafsi sijaukuta kwenye kibanda chochote cha chakula hapa mjini. Basi silaha ya kwanza ya mama ntilie ni mfuniko: zima jiko, funika sufuria, usiiguse mpaka ipoe.

Na kwa kuwa tunahimizwa wote kuhamia kwenye gesi ya kupikia, kuna jambo lingine. Gesi inayovuja huku inawaka, usikimbilie kuuzima mwali kama huwezi kufunga valvu. Ukiuzima, gesi itaendelea kujaa chumbani ikisubiri cheche. Funga valvu kwanza. Huwezi? Toa watu nje. Herufi C haikuambii hilo.

Kuhusu umeme, zima meni swichi kwanza ukiweza. Kwenye kompyuta na vifaa vya maabara, kabonidayoksaidi ni bora kwa sababu haiachi mabaki, wakati unga wa ABC ukichanganyika na unyevu wetu wa pwani hula nyaya na metali. Ila gesi hiyo hufukuza hewa ya kupumua. Kwenye chumba kidogo, ukishapuliza, toka. Na usishike ile pembe inayotoa gesi, baridi yake inaweza kukuunguza.

Sasa mshale. Yule mama hakukosea kuutazama, ila mshale unasema jambo moja tu: presha ipo. Hausemi kama unga umeshikamana na kuwa bonge, kama mpira umezibwa na kiota cha nyigu, au kama kitako kimeliwa na kutu. Na huku kwetu, kutu ndiyo habari. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na mtungi uliowekwa sakafuni hupata kutu chini ya pete ya kitako, mahali ambapo hakuna anayeinama kuangalia. Mtungi ulioliwa kitako unaweza kupasuka ukiwa mikononi mwako. Uning'inize ukutani, kivulini, karibu na mlango wa kutokea, mahali unapofikika bila kusogeza magunia.

Mtungi wa kabonidayoksaidi wenyewe hauna mshale kabisa, na hapa kuna fizikia tamu. Ndani yake kuna kimiminika na gesi pamoja. Maadamu tone la kimiminika limebaki, presha haijali kiasi kilichomo, inafuata jotoridi tu. Mtungi uliojaa na uliobaki robo vinaweza kuonyesha presha ileile. Juu ya nyuzi 31, joto ambalo Tanga tunalijua vizuri Februari, hata tofauti ya kimiminika na gesi hutoweka. Kwa hiyo geji ingekudanganya. Njia ya kujua ni mizani: uzito mtupu umeandikwa kwenye mtungi, na gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10, ujazwe upya. Fundi akija kukagua mtungi huo bila mizani, muulize kwa adabu ameukagua kwa macho gani.

Tukifika kwenye kadi iliyofungwa shingoni, tunafika kwenye sura dhaifu kuliko zote. Kadi ina tarehe na saini, lakini haisemi fundi alifanya nini. Nimeona kadi yenye saini mpya kwenye mtungi ambao pini yake ilikuwa imegandishwa na kutu, haivutiki. Sheria ya mwaka 2007 inalipa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mamlaka ya kukagua majengo, lakini mkaguzi hawezi kukaa kwako kila mwezi. Viwango vya kimataifa vinakubaliana kwa jumla: mwenye mtungi autazame kila mwezi, fundi auhudumie kila mwaka. Kwa kazi kubwa vinatofautiana. Vya Uingereza hutaka mtungi wa unga ufanyiwe huduma kubwa kila miaka 5. Vya Marekani hutaka ufunguliwe na kuchunguzwa ndani kila miaka 6 na kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 12. Na ukiupuliza hata kidogo tu "kujaribu", ujazwe upya, maana punje za unga hubaki kwenye valvu na presha huvuja taratibu.

Mwisho, maelekezo ya matumizi. Kwa haki, hapa mwandishi wa lebo amefanya vizuri: picha nne, hatua nne, hakuna porojo. Tatizo ni kwamba kwenye mitungi mingi niliyosoma maneno yenyewe ni ya Kiingereza, kwenye nchi ambayo Kiswahili ndicho kinachosemwa mtu akipiga kelele ya moto. Tafsiri yake ni rahisi na ina mdundo: vuta pini, lenga chini ya moto, minya mkono, fagia kushoto na kulia. Vuta, lenga, minya, fagia. Mtoto wa darasa la pili ataikariri.

Kinachokosekana ni mahali pa kusimama. Mlango uwe mgongoni mwako, usiwe nyuma ya moto. Ukiwa nje, upepo uwe mgongoni pia. Wavuvi wetu wanajua kusi na kaskazi kuliko mtu yeyote, wanahitaji tu kuambiwa kwamba elimu hiyo inafaa na hapa. Na lebo ingetaja mpaka wake: mtungi wa kawaida hutoa unga kwa sekunde chache, mara nyingi hazifiki 20. Moto uliokupita kimo, au lori la mafuta lililopinduka, si kazi yake. Morogoro, Agosti 10, 2019, tulipoteza zaidi ya watu 100 kwenye lori la mafuta. Hapo ni kukimbia, kuzuia wengine wasisogee, na kupiga 114.

Hukumu yangu basi: ni maandishi ya kweli, yaliyoandikiwa mkaguzi badala ya mtu anayeungua. Yule mama amenunua mtungi mpya. Pembeni ameweka pipa la maji na reki, na juu yake amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: "Zima umeme. Vuta, lenga, minya, fagia. Fumua, mwagia maji. Ukishindwa, toka." Mpaka sasa hiyo ndiyo lebo bora niliyosoma Tanga.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda katazame mtungi ulio karibu nawe. Anzia kitako.