Kukomboa au Kununua: Haki ya Kikristo katika Masimulizi ya Adrien Atiman

Sehemu hii inahakiki namna masimulizi ya Adrien Atiman yanavyoweza kusomwa kama maandishi kuhusu haki ya Kikristo katika uamuzi wa mtu binafsi. Atiman alitekwa angali mtoto katika eneo la Timbuktu, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara, na hatimaye akanunuliwa na Mapadri Weupe nchini Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu ili awe tabibu na katekista. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko alikotumikia maisha yake. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956.

Usomaji uliozoeleka humwona Atiman kama tunda la huruma ya wamisionari. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaliruka swali gumu: katika tendo lililomtoa utumwani, muuzaji alilipwa.

Swali hilo liliukabili pia mwambao wa Tanganyika. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakati mji huo ulipokuwa kituo kikuu cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Katika vituo vyao kandokando ya ziwa walinunua watoto, wakawalea, wakawaoza na kuwapa makazi katika vijiji vya Kikristo. Tendo hilo huitwa kukomboa. Katika Kiswahili, mtu hukomboa mali aliyoiweka rehani. Na Kristo pia huitwa Mkombozi. Maana ya pili imeifunika ya kwanza kiasi kwamba msomaji anasahau kuwa palikuwa na bei, na palikuwa na aliyeipokea.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuutazama uamuzi wenyewe kabla ya kuulaumu. Padri aliyekataa kulipa alimwacha mtoto mikononi mwa mfanyabiashara. Aliyelipa alimwongezea mfanyabiashara mtaji wa kumtafuta mtoto mwingine. Hapakuwa na mahakama ya kumkimbilia. Sheria iliyokomesha utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922. Kwa mtoto aliyesimama mbele yake, kulipa kulikuwa na utetezi mzito.

Kasoro inaanza pale malipo yanapochukuliwa kuwa ndiyo haki nzima. Biblia yenyewe haiishii hapo. Zakayo hatosheki kumpokea Yesu nyumbani. Anaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Paulo, katika waraka kwa Filemoni, anajitolea kulibeba deni la Onesimo, lakini anataka pia Onesimo apokewe kama ndugu. Kwa kipimo hicho, bei huliondoa dai la muuzaji, lakini haiondoi stahiki ya mtoto: jamaa zake, jina lake, na nafasi ya kuchagua kazi, mwenzi na makazi. Kijiji cha Kikristo kilimpa usalama. Mamlaka ya kuamua mengi ya hayo yalibaki kwa misioni.

Hapo ndipo uzito wa masimulizi ya Atiman unapoonekana. Aliyewahi kupangiwa bei anasimulia maisha yake kwa jina lake mwenyewe. Kuuchukulia utabibu wake kuwa shukrani tu ni kumfanya mdaiwa daima. Ni sahihi zaidi kuusoma kama uamuzi uliorudiwa kila siku na mtu huru mbele ya mgonjwa. Hata hivyo, masimulizi haya hayawezi kuwasemea watoto walionunuliwa bila kupelekwa Malta wala kuacha maandishi. Mafanikio ya mmoja hayathibitishi usahihi wa utaratibu mzima.

Umuhimu wa uhakiki huu haujaisha na karne ya 19. Mkoa wa Kigoma, wenye kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, bado unawakutanisha wenyeji na watu waliong'olewa makwao. Mkulima anayempa mkimbizi kibarua kwa ujira mdogo, akauita msaada, anakabiliwa na swali lilelile. Masimulizi ya Atiman yanaonyesha kwamba jibu halitafutwi katika nia ya mtoaji peke yake. Linatafutwa pia katika hali anayobaki nayo mpokeaji baada ya malipo: anaweza kuamua nini, na anaweza kukataa nini.