Bronzi Umeitoa Wapi?

Mshairi akinyimwa karatasi hutunza beti zake kichwani. Mchongaji hawezi. Kazi yake ina uzito, inahitaji paa, tanuri na metali, na katika Umoja wa Kisovieti vyote hivyo vilipitia mikononi mwa dola. Zabuni, karakana na vibali vya kusubu sanamu vilitolewa kwa wanachama watiifu wa chama cha wasanii.

Ernst Neizvestny alizaliwa Sverdlovsk mwaka 1925. Jina lake la ukoo kwa Kirusi maana yake ni "asiyejulikana", na kweli mwaka 1945, baada ya kujeruhiwa vibaya Austria, jeshi lilimhesabu miongoni mwa maiti na kumtunuku nishani ya marehemu. Alirudi na makovu mgongoni, akachagua ufundi unaoumiza mgongo kuliko wowote.

Sasa tazama alivyofanya. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, huyeyuka kwenye nyuzi 950 hivi za Selsiasi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuinunua, aliokota skrepa, akaiyeyusha katika tanuri dogo la kujijengea mwenyewe. Tanuri dogo lina masharti yake. Ukikuza sanamu mara mbili kwa kimo, uso wake unakuwa mara nne, kwa hiyo hata ikiwa na uwazi ndani na unene uleule, inameza metali mara nne. Ndiyo maana vipande vyake vingi vya bronzi vilikuwa vidogo, na mawazo makubwa yakabaki katika plasta, yakisubiri siku ambayo mtu mwenye muhuri angekubali. Wanaosema alipenda udogo hawajawahi kushika kalibu.

Tarehe 1 Desemba 1962, Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliingia katika ukumbi wa Manege mjini Moscow, akaanza kuwatukana wasanii wa mtindo mpya. Neizvestny alimjibu ana kwa ana. Kwa simulizi yake mwenyewe, miongoni mwa maswali aliyorushiwa siku ile lilikuwamo hili: bronzi umeitoa wapi? Mimi naliona ndilo swali la kitaalamu kuliko yote. Aliyeuliza alijua mtu anakamatwa wapi.

Khrushchev alipinduliwa Oktoba 1964, akafa Septemba 1971 na kuzikwa katika makaburi ya Novodevichy badala ya kwenye ukuta wa Kremlin, mahali pa heshima kwa viongozi. Familia yake ikamwendea mchongaji yuleyule aliyetukanwa. Akakubali. Urasimu wa vibali uliburuta kazi, na kaburi likakamilika mwaka 1975.

Hapo ufundi wake umekomaa. Marumaru nyeupe na itale nyeusi zimekatwa kwa pembe mraba na kuumana kama meno, bila mstari mmoja wa kuzigawa. Katikati, ndani ya uwazi, kimekaa kichwa cha bronzi. Kichwa chenyewe kinafanana na Khrushchev barabara. Hata mtoto angemtambua. Hicho ndicho alichowapa wakubwa, maana walitaka sura. Hukumu yake juu ya mema na mabaya ya Khrushchev aliiweka kwenye mawe, meupe na meusi. Mkaguzi anaweza kuamuru pua ipunguzwe au kidevu kiinuliwe, lakini ataamuru nini kwenye bonge jeusi? Wakubwa walihoji rangi hizo, na mawe yakabaki palepale.

Mwaka uliofuata, 1976, Neizvestny aliihama nchi. Makazi yake ya mwisho yalikuwa New York, na huko ndiko alikofia mwaka 2016.

Sanamu yake kubwa ya kuwakumbuka wafungwa wa Stalin ilizinduliwa mjini Magadan, Urusi, mwaka 1996, Umoja wa Kisovieti ukiwa umeshavunjika. Ni uso wa mita 15 unaolia vinyago vidogo kutoka jicho moja, na ndani yake mna ngazi na chumba cha mahabusu. Safari hii hakuna aliyemuuliza ametoa wapi malighafi. Uso wote ni zege.