Mstari kwa Mstari, Mara Mia kwa Dakika

Nyoosha mkono mbele yako, utanue vidole. Kama ungekuwa umeketi kilomita 35,786 juu ya Ikweta, shubiri hiyo ingetosha kuifunika Dunia yote. Huko ndiko ziliko setilaiti zinazokwenda sambamba na Dunia: nayo ikijizungusha mara moja, zenyewe zimeshaizunguka mara moja, kwa hiyo ukiwa chini unaziona zimesimama palepale. Ndiyo maana dishi la televisheni likishaelekezwa, fundi anakunja ngazi yake na kwenda zake. Mimi lakini sivutiwi sana na zile za kutuletea mpira na tamthilia. Navutiwa na zile zinazotutazama.

Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanya kazi vizuri, TIROS-1 ya mwaka 1960, ilipita chini chini na kwa haraka. Ilipiga picha ya wingu, ikaondoka, na ilipopita tena wingu lilikwishakuwa kitu kingine. Kupanda juu hadi mahali pa kusimama kulileta tatizo jipya. Setilaiti nyingi za wakati huo zilijituliza kwa kujizungusha, na chombo kinachozunguka humtesa mpiga picha. Kutoka kule juu Dunia ina upana wa nyuzi 17 na kidogo. Nyuzi nyingine zote za mzunguko kamera inatazama giza.

Verner Suomi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa na mhandisi Robert Parent, hakushindana na mzunguko huo. Aliutumia. Kila setilaiti inapozunguka, darubini yake inafagia Dunia na kuchora mstari mmoja; kisha inainamishwa kidogo sana, na mzunguko unaofuata unachora mstari wa pili, mpaka duara linakamilika kama mkeka unaoshonwa ukili kwa ukili. Kamera hiyo iliruka na ATS-1 mwezi Desemba 1966. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, ATS-3 ikaleta Dunia nzima kwa rangi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukaa mezani na kuona mawingu yakitembea, akiwa na uhakika kwamba kilichosogea ni wingu, wala si kamera.

Ufundi huo haujazeeka. Meteosat-9 ya EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao Darmstadt, Ujerumani, ilirushwa Desemba 2005, na mwaka 2022 ikahamishiwa juu ya Bahari ya Hindi, longitudo nyuzi 45.5 Mashariki. Ukishusha timazi kutoka hapo utaangukia baharini, si mbali na pwani ya Somalia. Inajizungusha mara mia kwa dakika. Katika kila mzunguko Dunia iko mbele ya darubini kwa muda wa sekunde 0.03 hivi, na hapo ndipo mistari inapochorwa, mitatu kwa mpigo. Muda uliobaki haupotei: kioo kinasogezwa hatua moja, na habari zilizokusanywa zinateremshwa taratibu. Baada ya mizunguko kama 1,250 picha imekamilika. Kioo kinarudi mwanzo, kifaa kinapimwa usahihi wake kwa kutazama kitu chenye joto linalojulikana, na robo saa ikitimia kazi inaanza upya. Uchoraji unaanzia kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo ndani ya picha moja Cape Town ina umri unaoizidi Cairo kwa dakika kama saba. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Na inaona nini? Kwa kuwa imekaa karibu na longitudo yetu, saa zake ni saa zetu. Saa kumi na mbili asubuhi nusu ya duara, upande wa India na Indonesia, inawaka, na sehemu kubwa ya Afrika ingali gizani. Saa sita mchana duara zima limejaa, na mng'ao wa jua unaonekana baharini kama doa angavu, ambalo asubuhi lilikuwa mashariki na jioni litakuwa magharibi. Machi na Septemba mpaka wa mchana na usiku husimama wima; Juni hulala upande.

Lakini tazama Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani, na mawingu hupanda pembeni, yakiacha katikati tundu safi lenye umbo la ziwa lenyewe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, hewa hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na kuelekea alfajiri dhoruba hulipuka palepale palipokuwa peupe. Dhoruba hizo huwaua wavuvi. Setilaiti inayopita mara mbili kwa siku ingeweza kukosa tukio zima. Hii inaliona likikua robo saa baada ya robo saa.

Haioni kila kitu. Ncha za Dunia zimefichwa na mviringo wenyewe, na kwa kawaida nukta moja ya picha ni kilomita tatu, kwa hiyo urefu wote wa Unguja, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, ni nukta chini ya 30. Ila nukta za ukubwa huo zilitosha kufuatilia kimbunga Hidaya kikielekea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024.

Picha hizi EUMETSAT huziweka kwenye intaneti bila malipo. Wakati wa masika chukua ya saa kumi na moja alfajiri na ya saa kumi jioni, ulitafute ziwa kwenye zote mbili. Chagua zile za mionzi ya joto, maana alfajiri hiyo picha ya mwanga itakuwa bado nyeusi hapo ziwani.