Fomu, Mashine na Mkono wa Mjazaji

Wahakiki wetu husoma riwaya, tenzi na tamthilia. Fomu hawaigusi, ingawa ndiyo maandishi ambayo mkulima wa Mgeta au Matombo hulazimika kuyasoma hadi neno la mwisho, kalamu ikiwa mkononi. Nimeona si vibaya kuihakiki moja. Ni fomu ya kuombea mkopo wa pembejeo, iliyotolewa kwa nakala tatu na ofisi ambayo sitaitaja. Imechapwa kwa printa ya leza yenye kasi kubwa, na wenyewe hujitetea kwamba kasoro zake zote ni za mashine.

Tuitendee haki mashine kwanza. Printa kubwa za namna hii si ngeni. Xerox 9700 ya mwaka 1977 ilichapa kurasa 120 kwa dakika, nukta 300 katika kila inchi, na iliweza kuchapa mistari ya fomu pamoja na majina ya wahusika kwa mpigo mmoja. Hapo zamani fomu tupu ilitoka kwanza kwa mpiga chapa, ndipo ikajazwa kwa taipureta. Faida, basi, ni kubwa. Lakini mipaka nayo ipo. Printa hizi kwa kawaida hazichapi hadi ukingoni mwa karatasi. Hazigongi karatasi kama taipureta, kwa hiyo kaboni haifai kitu: nakala tatu ni lazima zichapwe mara tatu. Nyingi zina rangi moja tu, nyeusi. Tena wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto ukagandia juu ya karatasi, wala haunyonywi ndani kama wino wa kalamu.

Mbunifu wa fomu hii ameutii mpaka mmoja tu, ule wa pambizo. Iliyobaki ameipuuza, na gharama yake anailipa mwombaji.

Chukua namba ya maombi. Imewekwa katikati kabisa ya ukurasa. Karatasi itokayo Kinole hadi mjini haisafiri ikiwa imenyooka. Hukunjwa mara mbili ikatiwa mfukoni, na katika miteremko ya mashariki ya Uluguru, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, mfuko wenyewe huweza kuwa umelowa. Unga ulioganda hupasuka penye kunjo, na tarakimu moja ikibanduka maombi hayatambuliki. Mtu anarudishwa mlimani akaanze upya, na msimu wa kupanda haumngoji. Namba hiyo ingewekwa pembeni, juu, mbali na kunjo, isingedhurika.

Visanduku vya kujazia vimetiwa rangi ya kijivu ili vipendeze. Printa yenye wino mweusi peke yake haina kijivu. Hutawanya nukta nyeusi, jicho likadanganyika. Fomu hiyo ikitolewa fotokopi dukani, na kopi ikatolewa kopi nyingine, nukta huungana zikawa doa, na mwandiko wa mwombaji humezwa humo. Mahali pa kuandikia, pa muhuri na pa dole gumba panataka karatasi nyeupe.

Nakala nazo zimeachwa bila sura. Zamani ya mwombaji iliweza kuwa ya waridi na ya ofisi nyeupe, hata asiyejua kusoma akaitambua yake. Sasa tofauti yao ni maneno madogo chini ya ukurasa. Ikiwa rangi haipo, herufi kubwa zipo, nazo haziongezi gharama.

Kisha majina. Majina matatu yamepewa visanduku 25. Jina Mwanahamisi peke yake lina herufi 11. Ukiondoa na nafasi mbili za kutenganisha, baba na babu wanagawana visanduku 12. Chini yake, kwa kubana nafasi, pameandikwa neno moja: "Ukoo". Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nyingi imerithiwa kwa njia hiyo. Mwombaji mkweli ataandika ukoo wa mama yake; karani aliyetarajia jina la babu mzaa baba ataona majina hayalingani. Hapo hakuna aliyesema uongo. Swali ndilo lililokatwa mno.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni jingine. Ofisi hiyo ina orodha ya wanachama wake, pamoja na majina, vijiji na namba zao. Mashine inayoweza kuchapa fomu na jina kwa pamoja imefanywa stensili ya kurudufia karatasi tupu, na mzee anaandika jambo lile lile mara tatu kwa mkono unaotetemeka. Kisha nakala zikitofautiana, analaumiwa yeye.

Kwa hiyo utetezi wa wenyewe siukubali. Mashine imeweka masharti machache, tena ya wazi. Aliyeyasoma vizuri angepata fomu nyepesi kuliko zote zilizotangulia. Kasi ya kurasa mia kwa dakika humfaa mchapaji; fomu huenda kwa mwendo wa mkono unaoijaza, na huo ndio mwendo ambao mbunifu hakuupima. Kabla ya kuchapa elfu kumi, na achape kumi, azikunje, azitoe kopi, kisha awape watu kumi wa Kinole na kalamu. Watamfundisha bure.