"Must", "Shall" na Lazima Yetu: Juu ya Kutafsiri Wajibu

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vilivyoandikiwa wanafunzi wa kigeni, na miongoni mwavyo ni kile cha A. S. Hornby cha 1954 juu ya mifumo ya vitenzi, huyaweka maneno ya wajibu na ulazima katika fungu moja: "must", "have to", "ought to", "should", "shall", "need", pamoja na ule muundo wa "is to". Fungu hilo lamfaa mwalimu wa darasa. Kwa mfasiri wa Kiswahili, hata hivyo, limezaa tabia moja mbaya, nayo ni kulichukua neno "lazima" na kulibandika kila mahali Kiingereza kinapodai jambo litendwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tabia hiyo hulikwepa swali ambalo kitenzi cha Kiingereza mara nyingi hukaa nalo kimya: ni nani awajibishaye, na kwa mamlaka gani?

Geoffrey Leech, katika kitabu chake cha 1971 juu ya maana na kitenzi cha Kiingereza, alizitenga "must" na "have to" kwa kutazama chimbuko la amri. Mama amwambiapo mwanawe "You must be home by six" asema kwa mamlaka yake mwenyewe. Akisema "You have to be home by six" huenda amri yatoka shuleni, au kwa baba, au kwa serikali. Wasemaji hawaishiki tofauti hiyo sawasawa kila siku, na Leech mwenyewe baadaye, alipolinganisha mikusanyo ya matini ya 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alionyesha kuwa matumizi ya "must" yamepungua. Lakini tofauti ipo, na Kiswahili kinayo bila kuhitaji kitenzi kisaidizi. Mama wa Kiswahili husema, "Saa kumi na mbili uwe nyumbani." Ile irabu -e mwishoni mwa kitenzi ndiyo mamlaka yake yote. Amri ikitoka nje ya nyumba atasema, "Itakubidi uwe nyumbani," na kile kiambishi i- kisichomtaja mtu chatuonyesha kuwa mwenye amri hayupo pale. Mfasiri aandikaye "Ni lazima uwe nyumbani" kwa sentensi zote mbili hakukosea sarufi, ila amemfuta mama.

Hazina yetu ya maneno haya si haba. "Budi" limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya njia ya kuepuka, ndiyo sababu hatulitumii ila pamoja na ukanushi: hana budi, sina budi. "Sharti" nalo asili yake ni sharti la mapatano, na hata leo lanukia mkataba. "Kupasa" kwaeleza jambo lililo haki au linalomwelekea mtu, pasipo nguvu nyuma yake. Tena watu wa pwani waliolelewa katika fikihi wana ngazi nzima tangu faradhi hadi haramu, ikipita katika sunna, mubaha na makruhu. (Nadhani wanafunzi wetu wangeielewa "should" upesi zaidi kama wangeambiwa tu kwamba iko karibu na sunna kuliko faradhi.)

Penye ukanushi ndipo kosa linapoweza kumdhuru mtu. "Must not" ni katazo, kwa kuwa ukanushi waangukia tendo. "Do not have to" ni ruhusa, kwa kuwa ukanushi waangukia wajibu wenyewe. "Si lazima" ya Kiswahili hubeba hiyo ya pili tu. Tuchukue onyo la kwenye kasha la dawa, kwamba "This medicine must not be taken with alcohol". Aliyezoea kubandika ataandika, "Si lazima dawa hii inywewe pamoja na pombe," na mgonjwa ataelewa kuwa hiari ni yake. Kiswahili kilichotakiwa ni kifupi zaidi: "Dawa hii isinywewe pamoja na pombe."

Kabla ya kuingia katika fasihi yafaa tukumbuke historia kidogo. "Must" ilitokana na umbo la wakati uliopita la kitenzi cha kale kilichomaanisha kuruhusiwa au kuweza, ndiyo maana haina wakati uliopita wa kwake na hulazimika kuazima "had to", ilhali sisi twasema "ilinibidi" na "ilinipasa" bila taabu. "Ought" ilikuwa wakati uliopita wa "owe", yaani kuwiwa. "Shall" nayo katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kuwiwa deni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wajibu wa Kiingereza imeota katika shina la deni, jambo ambalo msemaji wa leo halihisi.

Mchezo wa Shakespeare uitwao The Merchant of Venice, uliochapishwa mara ya kwanza 1600, ni mchezo wa deni tangu mwanzo hadi mwisho. Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mengi yamesemwa juu ya neno hilo "mabepari". Vitenzi havikupata bahati hiyo. Hata hivyo katika onyesho la kwanza la tendo la nne yapo mabishano ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote cha mfasiri wa wajibu. Portia, amejigeuza mwanasheria, amuuliza Antonio kama anaikiri hati ya deni. Antonio akiri. Hapo Portia atamka kuwa basi Shylock hana njia ila kuwa na huruma, na neno atumialo ni "must". Shylock amrukia papo hapo: ni nguvu gani itakayomshurutisha? Jibu la Portia ni ile hotuba mashuhuri ambayo huitoa huruma nje kabisa ya eneo la kushurutishwa.

Neno ni moja, na watu wawili wamelisikia kwa masikio mawili. Portia asema "must" ya mtu aonaye kuwa milango mingine yote imefungwa. Shylock asikia "must" ya mahakama. Mfasiri ahitaji neno litakalowafaa wote wawili. Akisema "yampasa", swali la Shylock litakuwa la mtu asiyesikia vizuri, maana kupasa hakumshurutishi mtu. Akisema "hana budi", atakuwa karibu sana na maana ya Portia; lakini Shylock anayo budi, ameishika mkononi nayo ni hati yake, na angepaswa kujibu hivyo badala ya kuuliza habari za nguvu. "Sharti" lavutia, kwa kuwa kesi nzima ya Shylock imejengwa juu ya sharti, ila hapo Portia ataonekana kama anaongeza kipengele katika mkataba usio wake.

Labaki "lazima", neno lile lile nililolilalamikia. Hapa ndilo bora kuliko yote, na sababu yake ni ya kisarufi. Shina lake hutupa "kulazimisha" na "kulazimishwa", hata Shylock aweza kulinyakua neno kinywani mwa Portia na kumrudishia likiwa limegeuka, na Portia aweza kujibu kwa shina hilo hilo kwamba huruma hailazimishwi. Katika Kiingereza maneno matatu ya mabishano hayo yana mashina matatu yasiyohusiana. Kiswahili chaweza kuyafunga kwa uzi mmoja, na hiyo ni faida ambayo asilia haikuwa nayo. Msomaji mwenye tafsiri ya Nyerere na airudie sehemu hiyo akiwa na swali hili moyoni.

Tutoke katika mahakama ya mchezo twende katika mahakama ya kweli, ambako neno "shall" lilizua ubishi wa namna iyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 hutumia "shall" tangu mwanzo hadi mwisho. Kifungu cha 27(8) kinaitaka Serikali, kwa neno hilo, kuchukua hatua ili jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 81(b) chasema mfano wa hayo juu ya uchaguzi. Je, hiyo ilikuwa amri ya papo hapo? Tarehe 11 Desemba 2012 wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu walitoa maoni kwamba utekelezaji ungeweza kwenda hatua kwa hatua, sheria ikitungwa kufikia 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Sheria haikutungwa, na mnamo 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo.

Sasa tumtazame mfasiri wa kifungu hicho. Akiandika "Serikali itachukua hatua", msomaji wa kawaida asikia ahadi, na ahadi haina haraka. Akiandika "Serikali ichukue hatua", asikia agizo. Bila kukusudia, mfasiri ameegemea wengi wa majaji au amemwegemea Mutunga. Najua nitajibiwa kuwa -ta- ya sheria imekwisha kuwa desturi, na kwamba Katiba ya Tanzania ya 1977 imejaa -ta-. Wanasheria waifahamu desturi hiyo. Mpiga kura hakufundishwa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, iliyoandikwa kwa Kiingereza pia, ilichagua "must" mahali pengi ambapo mtindo wa zamani ungeweka "shall". Kwa Kiswahili ningependekeza -ta- iachiwe vifungu vinavyounda kitu, kama vile "Kutakuwa na mahakama", ambapo hakuna mtu aliyeagizwa jambo, na kila penye mtu au chombo kilichotwikwa kazi kitenzi kiishie kwa -e.