Shauri la Madai Lifunguliwe Wapi?

Chukua mfano wa lori lililomgonga mwendesha bodaboda Singida. Mwenye lori anaishi na kufanya biashara Dar es Salaam. Majeruhi amesharudi kwao Tabora. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1966, kinamruhusu kufungua shauri Singida, ajali ilipotokea, au Dar es Salaam aliko mdaiwa. Tabora haimo. Wapo wanaoona huku ni kumwonea aliyevunjika mguu, na uchungu wao una msingi. Lakini siku hati ya madai inapopokelewa masijala, mdaiwa bado hajathibitika kukosa lolote. Kama makazi ya mdai yangetosha, mtu wa Mtwara angeburutwa hadi Bukoba kwa tuhuma tupu, na akikosa nauli angeshindwa kwa kutofika, si kwa ushahidi.

Ndiyo maana mahakama hutafutwa kwa kutazama kwanza aina ya dai, wala si anwani ya mdai au ofisi ya wakili wake. Mgogoro wa ardhi huifuata ardhi ilipo: huko ndiko waliko majirani wanaoijua mipaka, na huko ndiko hakimu atakakokwenda ikibidi kuliona eneo lenyewe. Katika mikataba, kifungu cha 18 kinaongeza mahali ambapo chanzo cha madai kilizuka, japo kwa sehemu, na hapa ndipo umakini unapolipa. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyemuuzia dagaa mwenye duka wa Arusha, wakakubaliana malipo yafanyike Mwanza, anaweza kudai Mwanza, kwa kuwa ahadi imevunjwa pale ilipopaswa kutimizwa. Sharti aieleze hoja hiyo katika hati yake. Akiandika tu kwamba mdaiwa hakulipa, bila kutaja alipaswa kulipa wapi, ameinyima mahakama msingi wa kulisikiliza shauri.

Hoja nzito zaidi ni kwamba tangu kanuni za mwaka 2018 nyaraka huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki, basi eneo lina maana gani tena? Mfumo huo umerahisisha kufungua shauri. Haujawahamisha mashahidi wala viwanja. Wengine hutegemea kipengele cha mkataba kinachotaja mahakama. Kipengele hicho kinaweza kuchagua kati ya mahakama zenye mamlaka, lakini makubaliano ya watu wawili hayawezi kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Hata hivyo, kasoro ya eneo si sawa na kasoro ya aina ya shauri. Hii ya pili huweza kuibuliwa hata kwenye rufaa. Ile ya eneo, kwa mujibu wa kifungu cha 19, mdaiwa anapaswa kuiwekea pingamizi mapema kabisa katika mahakama ya kwanza kusikiliza shauri, na bado mahakama ya juu haitaitengua hukumu kwa sababu hiyo isipokuwa haki imepotea. Mdaiwa wa Arusha anayejibu madai kimya kimya, akasubiri hukumu ndipo alalamikie umbali wa Mwanza, atakuwa amechelewa.