Tamthilia isife na mtihani

Tamthilia huandikwa ili itazamwe. Ajabu ni kwamba kwetu hutazamwa tu ikiwa imo kwenye mtihani.

Vikundi vinavyozungusha maigizo shuleni vimenipa raha nyingi huku Gataka na Rongai. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi alipomkabili Mtemi Bokono ukumbi ulitulia kama maji ya mtungi. Kimya kile hakimo kitabuni. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, wanafunzi walimcheka Meya Sosi hadi waigizaji wakangoja kicheko kiishe. Katika Kigogo ya Pauline Kea, walimshangilia Tunu utadhani ni dada yao.

Lakini kila kitabu teule kilipobadilishwa, wahusika hao walifungiwa kabatini. Bembea ya Maisha nayo itafuata mkondo huo huo. Jamani, jukwaa gani hili linalosahau kila baada ya miaka mitano?

Walimu wenzangu, kila mwaka rudisheni jukwaani tamthilia moja ya zamani, bila maswali wala alama. Wacheni watoto watazame tu. Hapo ndipo watakapoipenda lugha yenyewe.